Kochi la Asili na Kochi la Asili Hasa

Jina lake halisi lilikuwa limeandikwa kwenye vyeti tu. Watu walimwita Bi Nukta, kwa sababu kila ulipompigia simu kumuuliza anwani ya tovuti yako alikutamkia herufi moja moja kwa utulivu, na akifika panapohusika alipaza sauti: "Nukta! Nukta, siyo mkato!" Waliokuja kutoa kopi chumba cha mbele walikuwa wakishtuka na kuangusha karatasi.

Ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la kutolea kopi. Meza moja, kompyuta moja yenye feni inayokoroma, viti viwili vya wageni, na dirisha linalotazama uchochoro ambamo fundi funguo aliweka kimeza chake. Fundi funguo alidai kwamba kelele ya tupa haimruhusu kusikia lolote linalosemwa ndani. Lakini ukikosea tarehe humo ndani, yeye anakusahihisha kutoka nje.

Kazi ya Bi Nukta ilikuwa kuwatafutia watu anwani za tovuti, kuzisajili, na kuziunganisha na kurasa zao. Mtu akibadili jina la biashara, aliielekeza anwani ya zamani kwenye mpya, ili mteja asipotee na injini za kutafutia zisimsahau. Si kazi ya kumweleza mtu mkiwa kwenye foleni ya hospitali. Alishajaribu, na yule mama aliyeelezwa akaomba abadilishiwe foleni.

Wateja wake nao walikuwa na mambo. Msusi mmoja alitaka anwani yenye jina la saluni, jina lake, jina la mtaa, na maneno "karibuni sana wateja wetu wapendwa". Bi Nukta akamwambia, "Mpenzi, hii siyo anwani, hii ni hotuba." Kuna mume aliyemnunulia mkewe anwani yenye jina la huyo mke, kama njia ya kuomba radhi, kisha akasahau kwamba anwani ni ya kupanga, siyo ya urithi, mwaka ulipokwisha ikachukuliwa na muuza dawa za panya. Mke akaifungua siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, akakuta panya amelala chali. Ugomvi ulirudi pale pale ulipoachwa.

Pamoja na vituko vyote hivyo, Bi Nukta alikuwa na kanuni moja: la mteja huyu halifiki kwa mteja yule. "Ukiingia kwangu na siri," alikuwa akisema, "utatoka nayo." Na aliishika kanuni hiyo kwa ukali wa mtu ambaye umbea ulishamponza. Nitalieleza hilo, nipe muda.

Wateja waliomchosha kuliko wote ni wawili ambao asingeweza kuwafukuza: baba yake mzazi na baba yake mkubwa. Wote walikuwa mafundi wa makochi. Walijifunza pamoja, wakafungua karakana pamoja, wakafanya kazi pamoja miaka ishirini na mitatu bila neno. Kisha siku moja likatengenezwa kochi lenye droo chini, watu wakalipenda, na mteja mmoja asiye na kazi ya kufanya akauliza, "Hivi hili wazo ni la nani?" Kila mmoja akajibu, "Langu." Basi. Miaka tisa hawakusalimiana tena. Walisimamisha ukuta wa mbao nyembamba katikati ya karakana, wakagawana misumari, wakagawana sponji, na meza ya kukatia vitambaa wakaipasua kwa msumeno katikati, kila nusu ikabaki na miguu miwili. Kila mmoja aliiegemeza nusu yake kwenye ukuta ule ule wa mbao, kwa hiyo ukuta ulisimama kwa kuegemewa huku na huku.

Kwenye mtandao ikawa hivyo hivyo. Baba alimwomba binti yake anwani, akapewa: Kochi la Asili. Kesho yake Baba Mkubwa akaja na sura ya mtu aliyeonewa, akataka Kochi la Asili Hasa. Wiki ile ile Baba akarudi kutaka Kochi la Asili Hasa Hasa, na hapo Bi Nukta akagoma. Akasema yeye ni fundi, siyo mwangwi.

Sasa umbea nilioahidi kuueleza. Mwaka wa pili wa ugomvi Baba Mkubwa alimtuma Bi Nukta: "Mwambie yule bwana misumari yangu imedondokea upande wake." Bi Nukta akaufikisha ujumbe ule ule, neno kwa neno, lakini masikioni mwa Baba ukafika kama shtaka la wizi. Jioni hiyo ukuta uliongezwa mbao ya pili. Tangu siku ile Bi Nukta aliamini kwamba neno la mmoja wao likipitia mdomoni mwake huchacha kabla ya kufika kwa mwingine.

Basi, mwezi ule mkataba wa karakana ulikuwa umefika mwisho. Mwenye jengo, mama mfupi asiyependa maneno mengi, alisema hivi: chumba ni kimoja, mkataba ni mmoja, na ninyi ni wawili. Ijumaa saa nne asubuhi ama mje wote kusaini, ama aje mmoja asaini peke yake na mwenzake atoke. Asipokuja hata mmoja, kuna bwana wa kuosha magari anasubiri ufunguo. Lakini wazee wetu walikuwa wameapa kutokaa meza moja.

Bi Nukta hakulala vizuri wiki ile. Katika karakana hiyo ndimo alimolala utotoni juu ya vipande vya sponji, na humo ndimo alimojifunza kuhesabu kwa misumari midogo. Aliwapenda wote wawili, na alijua kwamba wazee wale wakinyang'anywa nyundo hawatamaliza mwaka.

Jumatatu asubuhi Baba Mkubwa akaingia ofisini.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Funga dirisha."

Akafunga. Nje tupa ya fundi funguo ikanyamaza papo hapo.

"Naondoka pale," Baba Mkubwa akasema. "Magoti yamegoma. Ijumaa siendi. Acha yule bwana asaini peke yake." Yule bwana ndiye mdogo wake wa tumbo moja. "Sasa nataka mtu akiandika anwani yangu, amkute yeye. Wateja wangu wote wawe wake. Inawezekana?"

"Inawezekana. Ni kama umehama nyumba ukabandika karatasi mlangoni: nendeni kule. Injini ya kutafutia nayo ni kama karani anayezunguka mitaani akiandika nani anakaa wapi. Akiiona karatasi yako, anabadili daftari lake."

"Vizuri."

"Lakini inabidi nimwambie karani kama umehama kwa muda au kwa kudumu. Ukisema kwa muda, analiacha jina lako kwenye daftari."

"Kwa kudumu," Baba Mkubwa akasema. "Mimi nitarudi wapi?"

Kisha akamnyooshea kidole. "Ila asijue. Akijua atasema nimemhurumia, na unamjua, huruma ya mtu anaitupa jalalani. Niapie."

Bi Nukta akaapa. Akaandika mstari mmoja, akabonyeza, ikawa. Baba Mkubwa akatoa simu, akaandika anwani yake mwenyewe kwa kidole gumba, ikamfungukia sura ya mdogo wake, futi ya kupimia shingoni. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Amenenepa, mjinga huyu," akasema, akaondoka.

Bi Nukta alijipangusa machozi kwa kona ya daftari, akamshukuru Mungu. Angalau karakana imepona, akawaza. Baba atasaini.

Jumanne mchana Baba akaingia, mkono mmoja kiunoni.

"Funga dirisha," akasema.

Bi Nukta akalifunga. "Baba, kuna nini?"

"Mgongo umekwisha. Nimefanya kazi inatosha. Ijumaa mimi siendi kwa yule mama, acha yule bwana wa ng'ambo ya ukuta asaini. Na wateja wangu uwapeleke kwake, wote, kwa hiyo mitambo yenu. Na asijue. Akijua atajidai mpaka tukome. Niapie."

"Baba, haitafaa."

"Kwa nini?"

Akakumbuka Jumatatu. Ameapa. "Kiufundi."

"Kiufundi kivipi?"

"Zitazunguka."

"Zizunguke! Kwani zitachoka? Mimi ni baba yako au mteja wako?"

"Vyote viwili, Baba."

"Basi vyote viwili vinakuagiza. Niapie kwanza."

Najua unachotaka kusema. Unataka kusema angetoboa siri tu, yaishe. Ni rahisi kwako, hukuwahi kuongezewa ukuta mbao ya pili kwa sababu ya mdomo wako. Bi Nukta aliona wazi: akimwambia huyu "Baba Mkubwa amekuachia," Baba atasikia "Baba Mkubwa amekuona hujiwezi." Neno hili lilitakiwa litoke mdomoni mwa mwenyewe, wala si mwingine. Akaapa. Akaandika mstari wa pili, kidole kikasita juu ya kitufe, akajiambia liwalo na liwe, akabonyeza.

Sasa mlango wa kwanza ulisema nendeni kule, na wa pili ulisema rudini huku. Ukifungua anwani yoyote kati ya mbili, simu ilikuwa ikifikiri, ikifikiri, kisha inakata tamaa na kuandika: "Ukurasa huu umekuelekeza mara nyingi mno." Na karani wa injini akipishanishwa hivyo siku chache, huchoka, akaifuta milango yote miwili kwenye daftari lake.

Jumatano simu ya kwanza ilikuwa ya Baba Mkubwa. "Mwanangu, pale kwa yule bwana hapafunguki! Amegundua! Nimempa mali yangu yote amefunga mlango!" Sauti ilikuwa ya mtu aliyetemewa mate.

"Siwezi kusema kitu, Baba Mkubwa."

Kabla hajaweka simu chini, ya Baba ikaita. Baba hakufoka. Alisema taratibu, "Kaka amekataa."

Kwa miaka tisa Bi Nukta hakuwa amemsikia akitumia neno hilo.

Hapo akakata shauri. Aliwapigia wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akawaambia maneno yale yale: kuna kasoro ya kiufundi isiyoelezeka kwa simu, uje Ijumaa saa tatu na nusu, ukichelewa sitakusubiri. Hakusema uongo, na hakutoboa siri. Alijisifu sana kwa hilo. Kisha akaingiwa na hofu, akanywa maji glasi tatu.

Ijumaa walikutana mlangoni. Kila mmoja alipomwona mwenzake aligeuka aondoke, lakini mlango wa duka la kopi ni mwembamba, na nyuma yao alikuwa amesimama mwalimu mwenye karatasi mia nne za mtihani. Aliwasukumia ndani kama mizigo. Kwa hasira kila mmoja akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, bila kuangalia: Baba kwenye kiti kilichotengenezwa na Baba Mkubwa, na Baba Mkubwa kwenye kile cha Baba.

"Shikamooni," Bi Nukta akasema.

Hakuna aliyeitikia. Baba Mkubwa alikuwa amekwisha kuwaka.

"Kama mtu hataki kitu," akauambia ukuta, "aseme hataki. Siyo kufunga mlango!"

"Kama mtu ana kiburi," Baba akaiambia kompyuta, "abaki nacho. Siyo kuwafukuza wateja wa watu!"

"Wateja gani? Wateja ni wangu! Nimekupa wote, umewarudisha!"

"Wewe ndiye umewarudisha! Mimi nimekupa wangu, wewe ukafunga!"

"Nimekupa mimi!"

"Nimekupa mimi!"

"Usinipigie kelele, nilikupa Jumatatu!"

"Na mimi nilikupa Jumanne!"

Dirisha likafunguliwa kwa nje. "Wazee wangu, samahani," fundi funguo akasema, "lakini mbona mnasema kitu kimoja?"

"Wewe chonga funguo!" wakamjibu kwa pamoja.

Na kwa kuwa walisema kwa pamoja, wakajisikia. Feni ya kompyuta ikakoroma peke yake. Baba Mkubwa akageuza shingo taratibu, akamtazama mdogo wake, kisha akamtazama Bi Nukta.

"Mwanangu, na huyu alikuja hapa?"

"Niliapa, Baba Mkubwa."

"Uliniapia mimi."

"Na yeye pia."

Baba Mkubwa alipangusa paji la uso. Kisha akauliza, na safari hii hakuuambia ukuta, "Alisema kwa muda, au kwa kudumu?"

Swali hilo Bi Nukta hakuliuliza Jumanne. Kwa jinsi Baba alivyokuwa amemkazia macho siku ile, aliona halihitajiki. Baba ndiye aliyejibu, akitazama viatu vyake.

"Kwa kudumu, Kaka. Ningerudi wapi mimi?"

Ungedhani yameisha. Wapi! Hazikupita sekunde kumi.

"Basi baki wewe," Baba Mkubwa akasema, "una mgongo mzima."

"Mgongo upi? Baki wewe, ndiye mkubwa."

"Ndiyo maana nakuamuru ubaki!"

"Siamriwi! Droo yenyewe ilikuwa wazo lako!"

"Lilikuwa lako!"

"Lako!"

Bi Nukta aliitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika ishirini ifike saa nne. Binti huyu hakuwahi kumpazia sauti mzee maishani mwake, na alimwomba Mungu msamaha huku akivuta pumzi.

"Mkiendelea kupeana hivyo," akafoka, "atakayebaki pale ni mwosha magari!"

Chumba cha mbele zikaanguka karatasi mia nne.

Walitoka mbio, ukipenda kuita ile mbio. Mmoja hana magoti, mwingine hana mgongo, basi wakashikana, na kati yao akapatikana mzee mmoja mzima. Bi Nukta alikuwa nyuma akiwahimiza, na fundi funguo mbele akiwaonyesha njia za mkato, kwa kuwa alikuwa ameshaacha kujifanya hasikii. Kwenye mlango wa mwenye jengo wakasimama. "Tangulia, Kaka." "La, tangulia wewe." Bi Nukta akawasukuma wote.

"Mmechelewa dakika nne," mwenye jengo akasema. Mwosha magari alikuwa ameketi pembeni, amevaa mabuti yake ya mpira, tayari kabisa. "Mpangaji ni nani?"

"Yeye," wakasema, kila mmoja akimwonyesha mwenzake.

"Nimeuliza mpangaji, sijauliza mshenga. Ni nani?"

"Ni wawili, mama," Bi Nukta akasema. "Waandikie wote. Nakuomba sana."

Mwenye jengo aliwatazama wazee wawili walioshikana wasianguke. Akavuta karatasi, akafungua kalamu. "Mkubwa kwanza," akasema, "na atakayebisha nampa yule mwenye mabuti." Hakubisha mtu. Baba Mkubwa akasaini, Baba akasaini chini yake, mwosha magari akavua mabuti yake kwa huzuni.

Kazi kwa Bi Nukta haikuishia hapo. Alifuta mistari yote miwili mchana ule, lakini ulichomwambia karani kuwa ni cha kudumu hakisahauliki kwa siku moja, na simu za watu zina vinyongo. Wiki tatu alizunguka mtaani akiwafutia watu kumbukumbu za simu zao mlango kwa mlango, hadi mama mmoja akamkimbia akidhani anataka kusoma ujumbe wake. Jina jipya la biashara bado lilikuwa halijapatikana, kwa kuwa kila mmoja alitaka litumike la mwenzake.

Hayo yalikuwa ya baadaye. Ijumaa ile walitoka kwa mwenye jengo, wakaketi kwenye ngazi kupumua. Fundi funguo alirudi kwenye kimeza chake. Bi Nukta alikaa ngazi moja juu ya wazee wake, akiwa na mkataba kwenye bahasha, akiogopa hata kuuweka chini.

"Nilikuwa nakusikia ukikohoa kule ng'ambo," Baba Mkubwa akasema. "Miaka yote hii. Kila asubuhi. Nilitaka sana kukuuliza kama umepata dawa, nikashindwa. Kile kifua kimepona?"

Baba alifikiri kidogo.

"Sikuwa naumwa, Kaka," akasema. "Nilikuwa nakohoa ili ujue nimefika."